Cherehani ya kanyagio: kuitambua hitilafu yake na kuisafirisha bila kuivunja

Karibu kila cherehani inayoletwa kwangu ikiitwa mbovu huwa imeshalegezwa skrubu tatu au nne na mtu ambaye hakubadilisha sindano kwanza. Matokeo yake ni kwamba nalazimika kutengeneza matatizo mawili, lile lililokuwepo na lile lililotengenezwa nyumbani, na mwenye mashine hulipia yote mawili. Maelezo haya yanahusu cherehani nyeusi ya chuma ya kanyagio ambayo kesi yake ya bobini (kile kirili kidogo cha uzi wa chini) huingizwa kutoka upande wa kushoto, yaani ule muundo wa Singer 15 ulioigwa na viwanda vya Japani na China, na ambao wengi wetu tunaufahamu kwa jina la Butterfly.

Kabla ya kuzitaja dalili, ni vyema kuelewa jambo moja linalotokea chini ya bamba, yaani kile kibati chenye tundu ambamo sindano hupita, kwa sababu karibu hitilafu zote za mshono hutokana nalo. Sindano hushuka na uzi hadi mwisho, kisha inapoanza kupanda, uzi ulio nyuma yake hujikunja na kufanya kitanzi kidogo. Kile chuma chenye ncha kali kinachozunguka chini, ambacho hapa nitakiita ndoana, hupita, hukidaka kitanzi hicho na kukizungusha kuipita bobini, halafu mkono wa uzi ulio juu hukivuta kitanzi kikaze ndani ya kitambaa. Elias Howe alipata hataza ya mshono wa namna hii nchini Marekani mwaka 1846, na kazi bado ni ileile. Kwa hiyo, kila cherehani inaposhona vibaya, jiulize: kitanzi hakikufanyika, au kilifanyika na ndoana ikakikosa, au kilidakwa lakini hakikuvutwa juu kwa wakati?

Inaruka

Hii ndiyo lawama ninayoisikia kuliko zote: mshono unakwenda vizuri kwa kipande, halafu unaruka nafasi mbili tatu, kisha unaendelea. Sababu ya kwanza ni sindano. Sindano iliyopinda hata kwa kiasi ambacho jicho halikioni husogea mbali na ndoana, na kitanzi kinakosekana. Ilaze juu ya kioo au juu ya skrini ya simu ukiweka upande wake bapa chini, kisha tazama mwanga unaopita chini yake: ukiwa sawasawa kuanzia shinani hadi nchani, sindano imenyooka, ukipanuka kuelekea nchani, itupe. Usijaribu kuinyoosha kwa koleo.

Sababu ya pili ni kuiweka sindano vibaya. Ni lazima isukumwe juu hadi igote kabla ya skrubu kukazwa, na upande wake bapa uelekee kule ndoana inakopita. Watu hubishana kama ubapa unakaa kushoto au kulia, na ubishi huo hauna maana, kwa kuwa mashine zenyewe zinatofautiana. Toa bamba la kuteleza lililo kushoto, zungusha gurudumu polepole kwa mkono na uangalie ncha ya ndoana inapita upande gani wa sindano. Huko ndiko ubapa unakotakiwa kuwa. Upande wa pili wa sindano una mfereji mrefu, na uzi huingizwa tunduni kutoka upande huo wa mfereji daima.

Sababu ya tatu ni kutumia sindano isiyolingana na kitambaa. Cherehani hizi hutumia sindano za mfumo wa HAx1, ambazo pia huandikwa 15x1 au 130/705H. Kwa shifoni na vitambaa vyepesi tumia namba 9 au 11, kwa khanga na kitenge namba 14, kwa jinzi namba 16 au 18. Kitambaa kinachovutika kama cha fulana huhitaji sindano yenye ncha ya mviringo, kwa maana ncha kali hukivuta kitambaa pamoja na uzi na kitanzi hakipati nafasi ya kufanyika. Sindano za mashine za kiwandani za mfumo wa DBx1 zina shina la mviringo. Zinaweza kuingia katika cherehani hii na kukaa, lakini urefu wake ni mwingine, na nimeona mashine nzima zikilaumiwa kwa kosa hilo peke yake.

Ikiwa sindano ni mpya, ni sahihi na imekaa vyema, na bado mashine inaruka, angalia kama mguu unaokandamiza kitambaa umelegea. Kitambaa kikipanda na kushuka pamoja na sindano, kitanzi hakisimami. Kaza skrubu ya mguu, kisha ongeza kidogo mgandamizo kwa ile skrubu iliyo juu ya kichwa, yaani mashine yenyewe bila meza yake.

Baada ya hapo inabaki saa ya ndoana, yaani ule wakati inapokutana na sindano. Ncha ya ndoana hupaswa kuifikia sindano baada ya sindano kupanda takriban milimita 2 kutoka mwisho wake wa chini, ikipita juu kidogo ya tundu na karibu sana na chuma bila kukigusa. Unaweza kulitazama hilo mwenyewe. Kulirekebisha ni kazi ya fundi wa mashine. Mwenye cherehani akishalegeza nguzo ya sindano, ile fimbo inayoishika sindano, bila kuweka alama, mara nyingi hurudi nyumbani na mashine isiyoshona kabisa badala ya ile iliyokuwa ikiruka.

Nyuzi zinajikusanya chini ya kitambaa

Wengi wakiona fundo la nyuzi chini huilaumu bobini, kwa kuwa ndiyo iliyoko chini. Ni kinyume chake. Nyuzi zinazojaa chini ni nyuzi za juu ambazo hazikuvutwa zikapanda, na sababu kubwa ni kwamba uzi haumo ndani ya visahani vya kikazio, kile kinachoubana uzi wa juu. Inua mguu, kwani mguu ukiwa chini visahani hubana na uzi hupita juu yake tu. Toa uzi wote na uupitishe upya hatua kwa hatua, ukihakikisha umepita kwenye springi ndogo ya kikazio na kwenye tundu la mkono wa uzi. Kisha shusha mguu na uvute uzi kwa mkono. Ukikataa kidogo, umeingia. Ukiteleza kama haukupita popote, angalia kama kuna kipande cha uzi au manyoya ya kitambaa yaliyonasa kati ya visahani, na ukisafishe kwa kupitisha ukanda wa kitambaa uliolowa spiriti.

Vitanzi vikionekana juu ya kitambaa, hapo ndipo ugeukie bobini. Weka bobini ndani ya kesi kwa namna ambayo uzi, unapopita kwenye mpasuo, unakunja kona na kurudi chini ya kibati cha springi. Shika ncha ya uzi na uiache kesi ining'inie: ukitikisa mkono kidogo, kesi inapaswa kushuka kiasi na kusimama. Ikiporomoka hadi chini, springi imelegea. Isiposogea kabisa, imebana. Skrubu ile ndogo huzungushwa kidogo sana, chini ya robo mzunguko kwa mara moja, na kazi hiyo ifanyike juu ya sinia lililotandikwa kitambaa cheupe. Skrubu hiyo ikidondoka kwenye sakafu ya mchanga, haionekani tena.

Ukilazimika kununua kesi mpya, nenda dukani na ile ya zamani. Mkao wa kile kidole cha kesi hutofautiana kati ya mashine na mashine, na kesi isiyolingana huingia nusu, hulia kwa kugonga, na mwisho huvunja sindano.

Inakata uzi

Anza na uzi wenyewe. Chukua urefu wa mkono mmoja na uuvute ghafla; uzi uliokaa dirishani kwa mwaka mzima ukipigwa jua hukatika kama nyuzi za buibui. Halafu angalia kama umezunguka kigingi cha rili au umenasa kwenye ufa wa pembeni wa rili. Halafu legeza kikazio.

Uzi ukikatika ukiwa umechanika manyoya, kuna mahali panapokwaruza. Pitisha uzi mweupe ndani ya tundu la sindano na kuusugua mara kadhaa; ukichafuka au kuchanika, badilisha sindano. Kisha gusa kwa kucha ukingo wa tundu la bamba: mahali ambapo sindano imewahi kugonga hubaki kinundu kidogo cha chuma, na kucha hukisikia kabla jicho halijakiona. Bamba linaweza kusuguliwa kwa msasa laini sana uliokunjwa na kuzungushwa juu ya uzi mnene. Ncha ya ndoana usiiguse kwa msasa. Ukishaipunguza ncha hiyo hata kidogo, mashine itaanza kuruka, na dawa yake ni ndoana mpya.

Inavunja sindano

Mara nyingi mkosaji ni mkono wa mshonaji. Anayevuta kitambaa kwa nyuma ili kiende haraka anaikunja sindano, ambayo inashuka na kugonga bamba. Sababu nyingine ni kesi ya bobini ambayo haikusukumwa ndani hadi ikalia "ta", sindano nyembamba juu ya mapindo ya jinzi, na mguu uliokaa upande. Sindano ikivunjika, tafuta vipande vyake vyote kabla ya kuendelea. Kipande kikiingia kwenye njia ya ndoana kitaikwaruza yote. Sindano mpya tatu zikivunjika mfululizo mahali pamoja, acha kushona na upeleke kichwa kwa fundi.

Kitambaa hakiendi

Tazama wenzo wa urefu wa mshono, kwani huenda uko kwenye sifuri. Kisha fungua bamba la sindano na utoe lile tabaka la vumbi lililoshindiliwa kati ya meno yanayosukuma kitambaa, ambalo kwa washonaji wa taulo na blanketi huwa gumu kama sponji kavu. Tumia mswaki na kibanzi, usilipulize kwa mdomo, kwa sababu mate huleta kutu. Meno yakiwa yamelika yakawa laini, hayana matengenezo, yanunuliwe mengine.

Ni nzito, au imekwama kabisa

Kwanza iondoe kwenye lawama sehemu ya chini: vua mkanda na uzungushe kichwa peke yake kwa mkono. Kichwa kikiwa chepesi, uzito uko kwenye kanyagio, kwenye gurudumu la chini au kwenye ile fimbo inayoviunganisha, na tone la mafuta katika kila kiungo hutosha. Kichwa kikiwa kizito, toa kesi ya bobini na utazame ndani, maana uzi uliojizungusha nyuma ya ndoana unaweza kuisimamisha mashine nzima. Dondosha mafuta mahali hapo, kisha lisogeze gurudumu mbele na nyuma kidogo kidogo huku ukivuta uzi kwa kibanio. Kulilazimisha kwa nguvu za miguu ndiko kunakopinda vitu.

Kama hakuna uzi, basi ni mafuta yaliyoganda. Mtu huishiwa mafuta ya cherehani, akatumia ya kupikia au ya nazi, mashine ikawa laini kwa siku chache na akajisifu, halafu likizo ya mwezi mmoja ikayageuza mafuta yale kuwa gundi. Dondosha mafuta ya taa katika kila tundu, zungusha kwa mkono, acha usiku mzima, zungusha tena, futa uchafu wa kahawia utakaotoka, kisha weka mafuta halisi ya cherehani, tone moja kila tundu. Fanya kazi hii nje au penye hewa, mbali na jiko, koroboi na sigara, na usishone mpaka harufu ya mafuta ya taa iishe. Siku mbili za kujaribu hivi zikipita na gurudumu bado halisogei, usipige nyundo. Kuna ekseli iliyoshika kutu, nayo inahitaji mtu mwenye vifaa vya kuitolea.

Gurudumu linazunguka, sindano imetulia

Ile skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu la juu hulegezwa wakati wa kujaza bobini ili sindano isitembee. Wengi husahau kuikaza. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ndiyo rahisi kuliko zote katika maelezo haya.

Sababu ya pili ilimgharimu mama mmoja safari ya kutoka Lushoto hadi Tanga. Alikuwa amelitoa gurudumu alisafishe, akalirudisha, na tangu hapo kila alipokaza skrubu, gurudumu lilizunguka tupu. Alishaambiwa anunue kichwa kingine. Nyuma ya skrubu ile kuna washa (kibati cha duara chenye tundu katikati) nyembamba yenye masikio madogo; ikirudishwa ikiwa imegeuzwa, masikio hukutana na skrubu mahali pasipofaa na gurudumu halikamati. Niliitoa, nikaizungusha nusu mzunguko, nikaikaza. Alikaa kimya kwa muda, kisha akauliza, "Ndiyo hiyo tu, fundi?" Ndiyo hiyo tu.

Cherehani iliyofungwa mota

Wengi siku hizi huongeza mota ndogo kwenye mashine hizi. Mota ikinguruma bila kuzunguka, chomoa waya ukutani kwanza, kisha uangalie kama mkanda umekazwa kupita kiasi au kichwa kimekwama. Harufu ya kuungua, cheche nyingi, kanyagio la umeme linalochemka au mashine inayokupiga shoti hata kidogo ni alama za kuacha papo hapo. Hapo anahitajika fundi wa umeme, na mimi mwenyewe humwita.

Kuisafirisha

Kosa kubwa ni kuipakia ikiwa nzima, kichwa kikiwa juu ya meza yake. Kichwa cha chuma cha kalibu kina uzito wa zaidi ya kilo 10, na kimeshikiliwa na bawaba mbili tu upande wa nyuma. Basi likiruka shimo, uzito wote huangukia mashimo ya bawaba hizo. Chuma cha kalibu hakipindi, huvunjika.

Piga picha za simu za njia ya uzi na za mkanda kabla ya kufungua chochote. Toa sindano, uzi na kesi ya bobini, weka kipande cha kitambaa chini ya mguu na uushushe. Vua mkanda. Kilaze kichwa nyuma huku mtu wa pili akikishikilia, legeza skrubu mbili zinazobana pini za bawaba upande wa chini, kisha kinyanyue kikatoka. Kishikeni kwenye kitako na kwenye shingo ya mkono wake, kamwe si kwenye gurudumu. Skrubu zote ziingie kwenye mfuko mmoja, na mfuko ufungwe kwenye mguu wa meza, si kwenye pochi ya mtu ambaye huenda akashukia njiani.

Kifunge gurudumu lisizunguke, kizungushie kichwa blanketi nene, kisha kiweke kwenye boksi imara kikiwa kimesimama kama kinavyosimama kazini, na ujaze pembe zote kwa vipande vya nguo. Sehemu ya kati ya mkono na kitako pia ijazwe. Ndani ya basi kikae sakafuni, kikiegemea kitu kisichosogea. Juu ya keria hakifai, na kwenye bodaboda hakifai zaidi. Meza nayo itolewe droo, kanyagio lifungwe kamba lisicheze, na wabebaji washike miguu ya chuma, kwa maana ubao wa juu ukishikwa peke yake hung'oka.

Anayevuka kwenda Unguja au Pemba aongeze hatua moja: apake mafuta mepesi kwenye kila chuma kinachong'aa, na boksi lifunikwe kwa turubai siku ya safari. Mvuke wa chumvi haungoji mwezi. Mashine za kiwandani zenye sinia la mafuta chini ya kichwa zimwagwe mafuta hayo kabla ya kuondoka, na zikifika zijazwe hadi kati ya alama mbili za sinia kabla ya kuwashwa.

Baada ya kufika

Mashine iliyotoka mahali pa baridi kama Njombe na kuingia kwenye joto la Dar es Salaam huvuta unyevu kwenye chuma kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Iache saa kadhaa, kisha uifute na kuitia mafuta. Izungushe kwa mkono bila sindano, ukisikiliza. Halafu weka sindano na uishushe polepole: inapaswa kupita katikati ya tundu la bamba. Ikiegemea ukingo, angalia kwanza kama bamba limesogea. Bamba likiwa mahali pake, nguzo ya sindano imepata pigo, na hapo usikanyage hata mara moja.

Mkanda wa ngozi ukilegea baada ya safari, kata sentimita 1 na uufunge tena kwa kipini chake. Ukiuzidisha utakuwa mfupi na kila kitu kitakuwa kizito.

Mwisho, kagua nyufa, hasa pale mkono unapoungana na kitako na kuzunguka mashimo ya bawaba. Paka mafuta ya taa mahali unapopatilia shaka, subiri nusu saa, futa pakauke kabisa, kisha nyunyizia unga wa chaki nyeupe. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatapanda na kuchora mstari wa rangi ya majivu juu ya chaki. Ufa wa pembeni kwenye shimo la bawaba unaweza kuvumiliwa kwa muda. Mstari ukikatiza shingo ya mkono, usikubali kuungiwa kwa welding ya kawaida ya mtaani, kwa sababu joto lile hukikunja kitako na sindano haikutani tena na ndoana. Kichwa hicho sasa ni cha kutolea vipuri.